Pembetatu mraba imekugomea? Jibu baya husema ulipokosea

Daftari lililofika mkononi mwangu lilikuwa na pembetatu mraba iliyochorwa vizuri kwa rula. Haipotenusi sentimita 12, pembe moja nyuzi 35, na swali moja tu: upande unaotazamana na pembe hiyo una urefu gani? Jibu lililoandikwa lilikuwa sentimita 20.92. Mwenye daftari alikuwa amerudia hesabu mara tatu, na mara zote tatu 20.92 ikamrudia. Akawa na hakika kwamba kikokotoo kimeharibika.

Kikokotoo kilikuwa kizima. Kilichomponza ni kurudia hesabu badala ya kulitazama jibu. Aliyepotea njia akianza upya kwa njia ileile atafika palepale. Jibu baya, kwa upande wake, huwa limebeba alama za kosa lililolizaa, kama nyayo kwenye mchanga. Jibu linaloipita haipotenusi lina kosa lake, jibu hasi lina lake, na lililo chini ya 1 lina lake. Ndiyo maana mwongozo huu nimeupanga kwa dalili. Angalia jibu lako linafanana na lipi, uanzie hapo.

Kwanza tuelewane kwa majina. Haipotenusi ni upande mrefu kuliko wote, unaotazamana na pembe mraba, ile ya nyuzi 90. Mkabala ni upande unaotazamana na pembe unayoifanyia kazi. Jirani ni upande unaoigusa pembe hiyo, ukiiacha haipotenusi. Sini ni mkabala kugawanya kwa haipotenusi. Kosini ni jirani kugawanya kwa haipotenusi. Tanjenti ni mkabala kugawanya kwa jirani. Wanaopenda kukariri huwa nawapa sentensi hii, ya kipuuzi lakini inanata: *Simba Mkali Hunguruma, Kanga Jirani Hukimbia, Tumbili Mjanja Juu*. Chukua herufi za mwanzo: S ni M kwa H, K ni J kwa H, T ni M kwa J.

Pembetatu ya lile daftari tutaendelea nayo, kwa hiyo iandike mahali: haipotenusi 12, pembe 35, mkabala 6.88, jirani 9.83, na pembe ya tatu nyuzi 55.

Dalili: upande umekuwa mrefu kuliko haipotenusi

Hapa ndipo 20.92 ilipotokea. Haipotenusi ni 12, na hakuna upande wa pembetatu mraba unaoweza kuizidi. Ukiona hivyo, ujue umegawanya mahali pa kuzidisha: 12 ÷ sin 35 ni 20.92, wakati 12 × sin 35 ni 6.88.

Kosa hili lina pacha wake anayekuja kwa mlango wa pili: haipotenusi inatoka fupi kuliko upande uliopewa. Tuseme jirani ni 7, pembe ni 52, na unatafuta haipotenusi. Ukizidisha 7 × cos 52 unapata 4.31. Haipotenusi ya 4.31 haiwezi kukaa kwenye pembetatu yenye upande wa 7. Jibu sahihi ni 7 ÷ cos 52, yaani 11.37.

Chanzo ni kuruka hatua ya kuandika mlinganyo. Mtu anaona 12, anaona 35, anaona sini, anabonyeza. Andika kwanza kitu kizima, hata kama unaona ni kupoteza muda:

sin 35 = M ÷ 12, kwa hiyo M = 12 × sin 35
cos 52 = 7 ÷ H, kwa hiyo H = 7 ÷ cos 52

Usichokijua kikiwa juu ya sehemu, unazidisha. Kikiwa chini, unagawanya. Na ukitaka kujihakikishia bila aljebra, kumbuka kwamba sini na kosini za pembe yoyote kati ya 0 na 90 ni namba ndogo kuliko 1. Kuzidisha kwa namba ya namna hiyo kunapunguza, kugawanya kwayo kunaongeza. Ukitoka haipotenusi kwenda upande mwingine lazima namba ipungue. Ukitoka upande mwingine kwenda haipotenusi lazima iongezeke. Basi.

Tanjenti haina huruma hiyo, kwa sababu baada ya nyuzi 45 inapita 1 na kuendelea kupanda. Huko mimi huwa natumia njia ya kukwepa. Mkabala ni 9, pembe ni 28, jirani haijulikani: tan 28 = 9 ÷ J, na J iko chini, inakera. Hamia pembe ya pili, ambayo ni 90 − 28 = 62. Ukitazama kutoka hapo, J ndiyo mkabala na 9 ndiyo jirani, kwa hiyo J = 9 × tan 62 = 16.93. Ukigawanya 9 ÷ tan 28 utapata 16.93 hiyohiyo, lakini kwa njia ya kukwepa hukuwa na cha kugeuza.

Dalili: jibu ni hasi

Hii ndiyo dalili rahisi kuliko zote, kwa sababu karibu kila mara maana yake ni moja: kikokotoo kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya nyuzi. Ukiandika 12 × sin 35 ukapata −5.14, pembe yako imesomwa kama radiani 35, ambazo ni mizunguko mitano na nusu na kitu kidogo juu. Sini ya hapo ni hasi. Tafuta mahali pa kubadilisha mfumo wa pembe, chagua DEG au D, yaani nyuzi, urudie.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna jambo linalowaumiza wengi zaidi. Radiani hazitoi jibu hasi kila mara. Badilisha pembe iwe nyuzi 40 na haipotenusi ibaki 12. Mkabala sahihi ni 7.71. Kikokotoo kilichoko kwenye radiani kitakupa 8.94. Namba nzuri tu: ni chanya, ni ndogo kuliko 12, haina sura ya ajabu hata kidogo. Mtu anaiandika, anapiga mstari chini, anakwenda swali la pili. Kosa lingeonekana tu kama angetafuta na jirani, maana 12 × cos 40 kwenye radiani ni −8.00.

Mbaya kuliko hiyo ni gradi. Katika mfumo huu pembe mraba inagawanywa vipande 100 badala ya 90, na vikokotoo vingi vya kisayansi bado vinaubeba, vikionyesha G au GRA kwenye kioo. Kwenye baadhi yake kitufe kinachobadilisha mfumo huzungusha DEG, RAD, GRA, na ukibonyeza mara moja zaidi bila kuangalia unaangukia humo. Kwa pembetatu yetu ya nyuzi 35, gradi zitakupa mkabala 6.27 badala ya 6.88. Hakuna hasi. Jirani nayo itatoka chanya. Ukizijaribu kwa Pithagoras (mkabala mara wenyewe, jumlisha jirani mara yenyewe, ni haipotenusi mara yenyewe) zitakubali, kwa sababu ni pande za pembetatu mraba halali. Ni vile tu si pembetatu uliyopewa.

Kwa hiyo usingoje dalili. Kila unapowasha kikokotoo, hasa kama umeazima cha mwenzako, bonyeza sin 30. Jibu linatakiwa kuwa 0.5 kamili. Ukiona −0.988 uko kwenye radiani. Ukiona 0.454 uko kwenye gradi. Sekunde tatu, na umefunga milango miwili.

Wanaofanya hesabu kwenye kompyuta wana shida yao ndogo: programu za majedwali na karibu lugha zote za kuandikia programu husoma pembe kwa radiani, na hakuna kitufe cha kubadilisha. Kwenye jedwali andika SIN(35*PI()/180), si SIN(35).

Dalili: jibu liko chini ya 1, na pande ni ndefu

Haipotenusi 12, pembe 35, jibu 0.866. Nimewahi kuliona jibu hili na likanichanganya kwa dakika kadhaa, kwa kuwa 0.866 ni namba inayofahamika: ni sini ya nyuzi 60. Imetoka wapi 60 kwenye swali lenye 35?

Ilitoka kwenye mabano. Vikokotoo vingi, ukibonyeza sin, vinafungua mabano vyenyewe. Mtu akibonyeza sin, 35, kuzidisha, 12, kisha sawa, kikokotoo kinasoma sin(35 × 12), yaani sini ya nyuzi 420. Toa mzunguko mmoja wa 360, zinabaki 60. Ndiyo hiyo 0.866.

Kanuni ya kidole: sini na kosini peke yake haziwezi kutoka nje ya −1 na 1, kwa hiyo jibu la upande likijibana humo wakati upande uliopewa ni mrefu, kila kitu kimemezwa ndani ya mabano. Funga mabano baada ya 35, au zoea kuanza na urefu: 12 × sin 35. Mimi nimechagua hilo la pili na sijawahi kujuta.

Dalili: jibu zuri, Pithagoras anakubali, lakini limekosewa

Hapa ndipo penye kazi. Makosa yaliyotangulia ni ya vidole. Hili ni la macho.

Chukua tena pembetatu yetu. Mtu anaulizwa mkabala, anaandika 9.83. Anaulizwa jirani, anaandika 6.88. Ni mwangalifu, kwa hiyo anahakiki: 9.83 mara yenyewe ni kama 96.6, 6.88 mara yenyewe ni kama 47.3, jumla karibu 144, na 12 mara 12 ni 144. Anatabasamu. Amekosa yote mawili.

Pithagoras hajui upande gani uko wapi. Yeye anajumlisha tu miraba, na kujumlisha hakujali mpangilio. Mtu aliyebadilisha mkabala na jirani hatakamatwa naye hata siku moja, na nadhani ndiyo maana kosa hili linaishi muda mrefu kwa watu: wamefundishwa kuhakiki, wamehakiki, na uhakiki umewaambia wako sawa.

Kinachomkamata ni sheria nyingine ya pembetatu, ya kale na nyepesi: pembe ndogo hutazamana na upande mfupi, pembe kubwa hutazamana na upande mrefu. Pembe yetu ni 35, na ya pili ni 55. Kwa kuwa 35 ni ndogo, mkabala wake lazima uwe mfupi kuliko jirani yake. Anayesema mkabala ni 9.83 na jirani ni 6.88 amekwishajisaliti. Alama ya mpaka ni nyuzi 45: chini yake mkabala ni mfupi kuliko jirani, juu yake mkabala ni mrefu, na kwenye 45 yenyewe vinalingana.

Kosa lenyewe linaingia vipi? Kwa kudhani kwamba mkabala na jirani ni majina ya kudumu, kama vile upande wa kusimama daima ni mkabala na upande wa kulala daima ni jirani. Vitabu navyo vinachangia, kwa kuichora pembetatu ileile kila ukurasa, pembe mraba chini kulia, pembe yenye namba chini kushoto. Siku swali likiweka pembe juu kileleni, mwanafunzi anabandika majina palepale alipozoea. Haipotenusi tu ndiyo yenye jina la kudumu. Hayo mengine mawili ni kama kushoto na kulia. Yanategemea umesimama wapi.

Kwa hiyo simama. Weka ncha ya kidole kwenye pembe uliyopewa. Vuka ndani ya pembetatu kwa mstari mnyoofu hadi ukutane na upande: huo ndio mkabala, andika M. Rudi kwenye pembe. Pande mbili zinagusa kidole chako. Moja ni haipotenusi, andika H, iliyobaki ni J. Sasa angalia herufi mbili unazohusika nazo, ile unayoijua na ile unayoitafuta. M na H ni sini. J na H ni kosini. M na J ni tanjenti. Kama mchoro umelala vibaya, zungusha karatasi. Hakuna aibu kuzungusha karatasi.

Kuna jambo moja kwenye jina la kosini linalofaa kujulikana hapa. Edmund Gunter, mwanahisabati Mwingereza, mwaka 1620 alifupisha maneno ya Kilatini yenye maana ya "sini ya pembe inayokamilisha", yaani pembe inayoongezwa kufikia 90. Kosini ya 35 ni sini ya 55, na si kwa bahati: upande ulio jirani ya pembe ya 35 ndio ulio mkabala na pembe ya 55. Kwa hiyo anayetumia sini mahali pa kosini hajafanya upuuzi kamili. Amejibu swali sahihi kuhusu pembe nyingine. Ukimweleza hivyo mtu aliyekata tamaa, huwa anapumua.

Na onyo moja kuhusu kutazama mchoro kwa macho. Michoro ya maswali mara nyingi haikuchorwa kwa vipimo. Pembe iliyoandikwa 35 inaweza kuonekana kama 50. Sheria ya pembe ndogo na upande mfupi itumie kwa namba zilizoandikwa, usiitumie kwa rula juu ya karatasi.

Dalili: kikokotoo kinakataa kabisa

Vyanzo ni vitatu na vinatofautishwa haraka.

Umeomba tan 90. Haipo. Kadiri pembe inavyoikaribia 90 tanjenti inapaa: tan 89 ni kama 57.3, tan 89.9 ni kama 573, na kwenye 90 yenyewe hakuna jirani ya kugawanyia. Kama umefika hapo, umechukua pembe mraba yenyewe ukaifanya ndiyo pembe ya kazi. Tumia mojawapo ya zile mbili nyingine.

Umebonyeza sin⁻¹ mahali pa sin. Alama hiyo ndogo ya −1 imewadanganya wengi. Haimaanishi 1 ÷ sin. Ni njia ya kurudi: unaipa uwiano, inakupa pembe. sin⁻¹ ya 0.5 ni nyuzi 30. Ukiipa 35 inakataa, kwa sababu hakuna pembe ambayo sini yake ni 35. Ukitafuta upande na pembe unayo, huna haja ya kitufe hicho kabisa.

Unatafuta pembe kwa haki, lakini umepindua sehemu: umeandika sin⁻¹ ya 12 ÷ 6.88. Hiyo ni 1.74, na sini haifiki huko. Haipotenusi hukaa chini ya sehemu, siku zote, kwenye sini na kwenye kosini.

Dalili: jibu limekaribia, ila halijafika

Ukiwa na 6.9 na kitabu kina 6.88, huna kosa, una haraka. Lakini kuna wakati tofauti inakuwa kubwa na mtu haamini kwamba ni desimali tu.

Mkabala mita 250, pembe nyuzi 3, tafuta haipotenusi. Sini ya 3 ni 0.052336. Anayeiandika 0.05 anapata 250 ÷ 0.05 = 5,000. Anayeiandika 0.0523 anapata 4,780. Aliyeacha kikokotoo kiendelee bila kukata chochote anapata 4,776.8. Tofauti ya mita 223 imetokana na kukata tarakimu mbili tatu katikati ya njia! Unapogawanya kwa namba ndogo, kosa dogo la chini linavimba juu. Kata tarakimu mwishoni, mara moja. Kama swali lina hatua mbili, hifadhi jibu la kwanza kwenye kumbukumbu ya kikokotoo, usilinakili kwenye karatasi kisha ukalirudisha.

Chanzo cha pili ni dakika. Pembe ikiandikwa 24°15′, hizo 15 ni dakika, na nyuzi moja ina dakika 60, urithi wa kuhesabu kwa sitini tulioachiwa na Wababeli. Dakika 15 ni robo ya nyuzi, kwa hiyo unaandika 24.25. Anayeandika 24.15 kwenye haipotenusi ya mita 500 anapata mkabala wa 204.56 badala ya 205.36. Karibu mita nzima imepotea, na hakuna hakiki yoyote ya pembetatu itakayomwambia.

Dalili: hesabu ni safi, ila swali la maneno limekataa

Hapa trigonometria haina lawama. Mchoro ndio wenye lawama. Yako mawili yanayojirudia.

La kwanza ni pembe ya kutazama chini. Uko juu ya mwamba wa mita 60, unaangalia mashua baharini, na pembe ya kutazama chini ni nyuzi 20. Mashua iko umbali gani kutoka chini ya mwamba? Wengi huchora mwamba, wanachora mstari wa macho, kisha wanabandika 20 kileleni, kati ya mwamba na mstari huo. Wanapata 60 × tan 20 = mita 21.8. Lakini pembe ya kutazama chini hupimwa kutoka mstari wa mlalo, ule ambao macho yangefuata kama ungetazama mbele moja kwa moja. Mstari huo uko hewani, nje ya pembetatu, na ndiyo maana watu hawaupendi. Pembe iliyo kileleni ndani ya pembetatu ni 70. Au, na mimi ndivyo ninavyofanya, ihamishe 20 ishuke hadi kwenye mashua: mistari miwili ya mlalo ni sambamba, kwa hiyo pembe ya kutazama juu kutoka mashuani nayo ni 20. Basi tan 20 = 60 ÷ umbali, na umbali ni mita 164.8.

Akili ya kawaida ingetosha kuligundua. Kwenye nyuzi 45 umbali ungekuwa sawa na kimo, mita 60. Nyuzi 20 ni kutazama chini kidogo tu, kwa hiyo mashua lazima iwe mbali zaidi ya mita 60. Jibu la 21.8 lingekuwa limekufanya uinamishe shingo sana.

La pili ni macho. Umesimama mita 30 kutoka kwenye mnara, kilele unakiona kwa pembe ya nyuzi 40, na macho yako yako mita 1.6 juu ya ardhi. 30 × tan 40 ni 25.17, lakini hicho ni kimo kuanzia usawa wa macho. Mnara una mita 26.77. Ukiona jibu lako limepungua kwa kiasi kilekile cha namba uliyoiona kwenye swali na hukuitumia, umejipatia ufumbuzi.

Dalili: upande mmoja umezidi jumla ya pande mbili nyingine

Pande mbili ni 8 na 8, pembe katikati yao ni 70, tafuta upande wa tatu. Mtu anaandika 8 × tan 70 = 21.98. Lakini 8 na 8 ni 16, na ukishika vijiti viwili vya 8 huwezi kuvinyoosha vikafika karibu 22. Pembetatu hii haina pembe mraba. Sini, kosini na tanjenti kama tulivyozieleza hapa zinahitaji pembe mraba iwepo, na hakuna aliyesema ipo.

Iumbe mwenyewe. Shusha mstari wa wima kutoka kwenye pembe ya 70 hadi katikati ya upande wa tatu. Pembetatu pacha, yenye pande mbili sawa kama hii, inagawanyika mbili zinazofanana, kila moja na haipotenusi 8 na pembe 35. Nusu ya upande ni 8 × sin 35 = 4.59, na upande mzima ni 9.18. Kama pande hazilingani, mstari huo hautaangukia katikati, na hapo ni bora kutumia kanuni ya kosini, inayofanya kazi hata pasipo pembe mraba, kuliko kulazimisha.

Kisa cha kinyume pia kipo, ingawa hakina madhara: umepewa pande mbili za pembetatu mraba, unatafuta ya tatu, na unahangaika kutafuta pembe kwanza. Pithagoras anakufikisha kwa hatua moja.

Dalili: kila hakiki imekubali, ila nyuma ya kitabu kuna kitu kingine

Haipotenusi 12, pembe 60, mkabala umepata 10.39. Umejaribu kikokotoo na sini ya 30 ni 0.5, upande ni mfupi kuliko haipotenusi, na 60 imezidi 45 kwa hiyo mkabala ni mrefu kuliko jirani, ambayo ni 6. Nyuma ya kitabu imeandikwa 6√3.

Bonyeza 6 × √3. Ni 10.39. Kwa pembe za 30, 45 na 60 waandishi wengi huacha kipeuo cha pili bila kukifungua, kwa sababu 6√3 ni urefu kamili na 10.39 ni makadirio yake. Na kama ukibonyeza bado ni tofauti, rudi kwenye swali usome upya namba zilizopewa, herufi kwa herufi. Zikiwa zilezile, andika jibu lako na uendelee, maana hata vitabu huchapwa na watu.